Unyayo Juu ya Mkanda Mtupu

Mkanda ulikuwa mtupu, na mashine ikasema imeona.

Nakhisa alikuwa ameziondoa soli zote kwa mkono wake mwenyewe, akaupangusa mkanda kwa kitambaa chenye spiriti, akazima mota. Ndivyo alivyofundishwa chuoni: kabla ya kuiamini kamera, ionyeshe utupu, uhakikishe kwamba pasipo na kitu inasema hakuna kitu. Akabonyeza. Kwenye skrini, juu ya weusi wa mkanda, mstari wa kijani ukajichora polepole: kisigino, kiuno chembamba, upana wa mbele, ncha ya kidole gumba. Soli ya kushoto. Pembeni yake, kwa maandishi aliyoyatafsiri yeye mwenyewe ili wafanyakazi wayasome: IMEPATIKANA.

"Uongo wewe," akaiambia, kwa sauti ya kumkanya mtoto.

Hakuogopa. Alijua kosa ni lake.

Kiwanda kile cha kandambili, jijini Kampala, kando ya Barabara ya Bombo mbele kidogo ya Bwaise, kilikuwa kimenunua mkono wa chuma wa kuokota soli kutoka kwenye mkanda na kuzipanga, ya kushoto na mwenzake wa kulia. Mkono hauna macho. Macho yake ni kamera, na kamera nayo haijui soli ni nini mpaka ifundishwe. Unaiwekea soli moja safi, inazifuata kingo zake, inazishika. Baada ya hapo, kila kinachopita chini yake inakilinganisha na ile sura, kisha inatoa majibu: kiko wapi, kimeelekea wapi, kinafanana kwa alama ngapi katika mia. Kisichofikia kiwango kinakataliwa. Nakhisa ndiye aliyekishusha kiwango, maana soli zilikuwa nyeusi na mkanda mweusi, kingo zikawa zinapotea. Ukikishusha mno, mashine inakuwa kama mtu aliyechoka kumsubiri mgeni stendi. Kila anayeshuka, anadhani ndiye.

Akakipandisha. Akabonyeza tena. Skrini ikabaki nyeusi, naye akaendelea na kazi.

Kamera ilikaa ndani ya kibanda cha pazia zito jeusi, ili mwanga wa madirisha usiichanganye. Mle ndani mlikuwa na pete ya taa nyekundu, skrini, kiti kimoja, na Nakhisa. Jua la mchana likiwaka nje, ndani kulikuwa na giza jekundu kama lile unaloliona ukifumba macho juani. Mashine za kukatia raba zilinguruma ng'ambo ya pazia, watu walitaniana kwa Kiganda, redio iliimba, na yeye alisikia yote hayo kama mgonjwa anavyosikia harusi ya jirani.

Kampuni yake ya Nairobi ilimtuma peke yake. Bosi wake, Cleopas, alimwambia ni kazi ya muda mfupi, lakini muda mfupi ukarefuka kwa sababu wenye kiwanda walikataa kuipokea mashine kabla haijaacha kukosea. Alipanga chumba Kabalagala, nyuma ya baa, ambako ukuta ulitetemeka kwa muziki na hakuna aliyemjua jina. Jirani yake, Phelister, Mkenya mwenzake aliyehudumu kwenye baa hiyo, alilala saa ambazo yeye aliamka. Kanisani, kila Jumapili wageni waliombwa wasimame wakaribishwe. Kila Jumapili alisimama, akapigiwa makofi na watu wale wale, akaketi.

Jina la ile sura nalo lilianza kama kosa. Siku ya kuifundisha mashine, Nakhisa alikuwa amelala chali chini ya mkanda akishikilia taa kwa mikono miwili, na mbele ya kibodi alikaa Abdu, mwendeshaji wa mstari ule, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Inaomba jina," Abdu akasema.

"Andika SURA. Sura ya kushoto."

Alipochomoka chini ya mkanda, vumbi la raba nyweleni, alikuta imeandikwa SULA KUSHOTO.

"Mzee Abdu, si nimesema sura?"

"Ndiyo, nyabo," akasema, yaani bibi. "Sula."

"Su-ra. Kama uso."

"Si ndiyo hiyo nimeandika? Nyinyi Wakenya munapiga ulimi kama pikipiki."

Wakacheka. Kubadilisha jina kungetaka wafundishe upya, na taa ilikuwa imekaa vizuri. Akaacha. Ya kulia nayo ikaitwa SULA KULIA, ili zifuatane.

Akalizoea neno. Jioni wafanyakazi walipokuwa wakitoka walimpungia mkono, "Sula bulungi, nyabo," naye akaelewa kwamba hiyo ndiyo usiku mwema ya Kiganda. Hakuwa na wa kumwambia. Kwa hiyo kila alipotaka kuzima taa nyekundu aliigeukia kamera, akaiambia kwa mkato, kama unavyomkatia neno mtu mliyezoeana: "Haya. Sula." Na jina lile kwenye skrini lilikuwa kama limeitika.

Mara ya pili mashine ilipoona kitu juu ya utupu, kiwango kilikuwa juu, mkanda umezimwa, na wafanyakazi walikuwa wametoka kula. Soli ya kushoto. Alama sabini na kitu. Nakhisa akaangalia lenzi, akaifuta. Akaangalia kama kuna alama ya mafuta kwenye mkanda. Akaivuta picha karibu mpaka ikawa miraba midogo ya kijivu, akazitafuta zile kingo ambazo mashine ilidai imezifuata, na hapakuwa na kitu. Mstari wa kijani ulikuwa umezunguka weusi tupu.

Kisha akasikia harufu. Kiwanda kizima kilinuka raba iliyoungua, harufu aliyokwisha kuizoea. Hii ilikuwa nyingine: matope ya siku nyingi, mafunjo yaliyooza, maji yaliyosimama. Akafungua pazia apate hewa. Nje, raba iliyoungua. Akalifunga. Ndani, bwawa.

Siku zilizofuata alipandisha kiwango, na alama nazo zikapanda, kama watu wawili wanaopanda ngazi, mmoja nyuma ya mwenzake. Akikiweka themanini, unyayo unakuja na themanini na kitu. Akampigia Cleopas simu.

"Ni mwanga," Cleopas akasema kutoka Nairobi. "Kuna kitu kinang'aa. Funika vizuri."

"Nimefunika, bosi. Hata mimi mwenyewe sijioni mikono."

"Basi ni wewe umechoka. Maliza urudi nyumbani."

Akakata. Nakhisa akabaki na simu sikioni, kwa sababu kuitoa kungekuwa kukiri kwamba hakuna mtu upande wa pili.

Kilichomfanya aogope kilikuwa pembe. Mashine haisemi tu kwamba imeona. Inasema pia kimeelekea wapi, na Nakhisa, ambaye hakuweza kulala akiwa ameacha namba asiyoielewa, alitambua kwamba ule unyayo usiokuwapo haukufuata njia ya mkanda kama soli nyingine. Ulikaa kingamo. Vidole vilielekea kwenye kiti chake.

Akajiambia ni bahati mbaya. Akahamishia kiti upande wa pili wa mkanda, akabonyeza. Kisigino kilikuwa pale vilipokuwa vidole. Vidole vilimwelekea.

Basi akaiweka kamera ipige picha mfululizo bila kubonyezwa, akasimama, akaanza kuuzunguka mkanda taratibu, mgongo ukisugua pazia, macho kwenye skrini, na kila alipohamisha mguu mstari wa kijani ulihama nao, ukizunguka juu ya kisigino chake kama mtu aliyesimama mahali pamoja anayekugeukia kwa adabu ili asikupe mgongo, akarudi nyuma, ukarudi, akasimama, ukasimama, akachuchumaa chini ya mkanda ambako kamera haiwezi kumwona hata kidogo, akahesabu pumzi zake mle gizani, akachungulia skrini, na akaukuta unyayo vidole vyake vimeelekea pembeni, pale pale alipokuwa amejificha. Kisha juu ya kichwa chake, kwenye mkanda uliozimwa, akasikia kandambili moja ikigonga raba. Chapu. Kimya kirefu cha mguu mwingine usiokuwapo. Chapu.

Pazia likafunguka. Alikuwa Abdu, na kikombe cha chai.

"Nyabo, uko unafanya nini huko chini?"

"Nyamaza," Nakhisa akanong'ona. "Angalia skrini."

Abdu akaangalia. Akaangalia mkanda. Akaangalia skrini tena, na uso wake ukabadilika.

"Mimi sioni kitu kwa mukanda."

"Hakuna kitu. Sasa sogea. Zunguka uje upande huu."

Abdu akazunguka, chai ikimmwagikia vidoleni. Mstari wa kijani haukumfuata. Uliendelea kumwelekea Nakhisa.

"Iko inataka wewe," Abdu akasema kwa sauti ndogo. "Mimi hainijui."

Jioni ile, chumbani Kabalagala, Nakhisa alikuwa akimimina maji ya chai kutoka kwenye chupa, chupa ikamteleza, maji ya moto yakamwagikia mguu wa kushoto. Akaruka. Kisha akasimama, kwa sababu aliruka kwa mazoea tu; hakuwa amehisi chochote. Ngozi ilikuwa nyekundu, mvuke ukipanda, na mguu umetulia kama wa mtu mwingine. Akajifinya. Akachukua pini, akachoma kisigino. Ilikuwa kama kuchoma soli.

Asubuhi yake alikuta alama zimefika tisini na kitu. Na kwa mara ya kwanza, mbele kidogo ya ule wa kushoto, ukajichora wa pili, hafifu, umevunjikavunjika, alama chache. SULA KULIA.

Abdu alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, hataki kuingia.

"Nyabo, nikuulize kitu. Hapa kira jioni unapofunga, unasema nini? Mimi nimekusikia mara nyingi nikipita."

"Naiaga tu. Nasema sula."

"Sula bulungi?"

"Sula tu. Si ni hivyo hivyo? Usiku mwema."

Abdu akajipangusa uso. "Hapana, nyabo. Bulungi ndiyo inafanya iwe salamu. Lala vizuri. Lakini sula peke yake, unaambia mutu..." Akatafuta neno la Kiswahili. "Mugeni amefika kwako, giza imeingia, unamwambia: usiende, lala hapa. Umempa nyumba. Na mimi ndiye nimeandika hapo kwa mulango wake." Akaashiria jina kwenye skrini bila kulitazama. "Bambi, pole sana, mimi nilidhani naandika uso."

Ng'ambo ya pazia mtu alicheka.

"Mguu wangu wa kushoto umekufa," Nakhisa akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu.

Abdu hakuuliza umekufaje. Alisema tu, "Twende kwa dada yangu."

Rukiah aliishi Bwaise, kwenye nyumba ambazo mvua ikinyesha kwa nguvu watu hupandisha magodoro juu ya meza. Mvua ilikuwa imenyesha. Walimkuta akisukuma maji nje ya mlango kwa ufagio, amekunja gauni, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akimgombeza mtu kuhusu vitenge vilivyokwama mpakani. Watu walimjua kwa mambo mawili, vitenge na majini, na Kiswahili chake alikipata kwa wafanyabiashara wa Kongo.

"Hajati, shikamoo," Nakhisa akasema.

"Marahaba. Ngoja nimalize na huyu mwizi."

Alipomaliza akamketisha kwenye stuli, akauinua mguu wa kushoto, akauweka juu ya paja lake bila kujali matope. Akaegemeza sufuria ya uji, iliyotoka jikoni wakati ule ule, kwenye unyayo.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Huku?" Akaigusisha kwenye mguu wa kulia, kidogo tu.

"Nasikia. Lakini kwa mbali."

Rukiah akaiweka sufuria chini, akamsikiliza Abdu akieleza yote kwa Kiganda. Aliuliza jambo moja tu: kamera inafundishwaje. Nakhisa akamweleza: unaiwekea kitu kimoja kizuri, inashika kingo zake, inaacha kilicho ndani.

"Inaacha kilicho ndani," Rukiah akarudia. "Kwa hiyo inabaki nini?"

"Umbo tu. Mstari."

"Mtupu ndani."

"Ndiyo."

"Sikia, binti yangu. Pale penye kiwanda palikuwa na bwawa. Wenye bwawa hawakwenda mbali, na hawana mwili, na hawakuwa na haja nao. Huyu alikuwa anapita tu. Wewe ukatengeneza mguu mtupu ndani, ukamwambia alale humo. Amelala. Sasa amezoea kuwa na mguu, na anaujaza. Anaujaza kwako kwa sababu ni wewe uliyemkaribisha. Wa kushoto karibu utimie. Akimaliza wa kulia, atasimama, na wewe utakaa."

"Nitaifuta ile sura. Leo hii."

"Uvunje nyumba na mgeni yumo? Atahamia wapi? Kwako moja kwa moja." Rukiah akatikisa kichwa. "Huyu hajaja kwa vita. Umempokea kwa heshima, mtoe kwa heshima. Mgeni aliyelala, asubuhi anafanywaje?"

"Anasalimiwa," Abdu akasema. "Anasindikizwa."

"Basi. Kesho mapema, kabla mtu hajaanza kelele, msalimie: Wasuze otya? Muulize alivyolala. Mwambie, twende nikusindikize. Utembee, usikimbie, mpaka kwenye mfereji mkubwa hapo chini, maji yaendayo kwenye bwawa lililobaki. Hapo utasimama. Yeye atapita mbele. Utasema, Genda bulungi, enda salama, halafu utageuka urudi hapa kwangu unywe uji. Abdu hawezi kukusaidia, wala mimi. Mgeni husindikizwa na mwenye nyumba."

Asubuhi Nakhisa aliingia kibandani peke yake, jua ndio linachomoza. Akawasha taa. Nyayo mbili zilikuwa zimesimama bega kwa bega katikati ya mkanda mtupu, vidole vikimwelekea. Ya kushoto ilikuwa imetimia. Mashine iliandika mia, namba ambayo katika kazi yake yote hakuwahi kuiona, maana hata soli ile ile iliyotumika kufundishia haipati mia ikiwekwa mara ya pili. Ya kulia ilikuwa nyuma kidogo tu. Hakuihisi sakafu kwa mguu wowote. Alijiona amesimama kwa sababu macho yalimwambia amesimama.

"Wasuze otya?" akasema.

Harufu ya bwawa ikamjia karibu, usawa wa uso wake, kama pumzi.

"Twende," akasema. "Twende nikusindikize."

Mistari ya kijani ikafutika, ule wa kulia kwanza.

Akatoka nje ya pazia, akapita kati ya mashine zilizolala, akapita getini ambako Onen, askari mlinzi, alimsalimu kwa Kiswahili chake cha kambini, "Habari ya asubuhi, madam, muko wawili leo?" kisha akasugua macho na kusema samahani, jua linamchezea, na Nakhisa hakugeuka, akashika njia ya matope kuteremka Bwaise, akipita wanawake waliokuwa wakianika magodoro na wauzaji wa chapati waliokuwa wakiwasha moto, watu wengi, watu kila upande, wote wakimpisha kidogo zaidi ya nafasi anayohitaji mtu mmoja, huku nyuma yake, baada ya kila hatua yake ya kimya asiyoihisi, ikifuata hatua nyingine, chapu, chapu, miguu miwili sasa, ikitembea kwa mwendo wake yeye, ikikwepa madimbwi anayoyakwepa, ikisimama anaposimama kupisha toroli, na kila hatua ikimfanya, pamoja na hofu yake yote, afikirie jambo ambalo hakulitaka: kwamba tangu aje mji huu, hii ndiyo mara ya kwanza kutembea na mtu.

Kwenye mfereji maji yalikuwa mengi, ya kahawia, yamebeba chupa na majani ya migomba. Akasimama. Matope yaliyokuwa mbele yake, laini, bila alama, yakabonyea. Unyayo wa kushoto. Wa kulia. Tena wa kushoto, ukingoni kabisa mwa maji.

Hapo maumivu yakamjia. Ngozi iliyoungua kwa maji ya chai, kisigino alichokichoma kwa pini, yote kwa pamoja, ya moto, matamu, yake. Akalia. Vidole vyake vilihisi matope yakipenya kwenye kandambili. Miguu yote miwili ilikuwa imerudi.

"Genda bulungi," akasema, kama alivyoagizwa.

Zile nyayo zilisubiri ukingoni. Zilimpa mgongo, kwa mara ya kwanza, na kule kupewa mgongo kukamchoma mahali asipotarajia. Kwao Bungoma mgeni haondoki kwa neno kavu namna ile. Mama yake angemsuta. Ulimi ukamtangulia, ukasema kile ambacho humwambia kila anayetoka mlangoni mwao, na ambacho tangu aje Kampala hakuwa amepata mtu wa kumwambia.

"Karibu tena."

Maji yakafunika ukingo. Matope yakawa laini.

Hakumwambia Rukiah. Alikunywa uji, akacheka na Abdu, akaona ni adabu tu, neno moja la Kiswahili mbele ya maji ya Baganda. Mchana wenye kiwanda walikuja kujionea. Mkanda ukiwa mtupu, mashine ilisema hakuna kitu. Ukiwa na soli, mkono wa chuma uliziokota bila kukosea hata moja. Wakapeana mikono. Cleopas akapiga simu, akamwambia afunge mizigo, kesho arudi Nairobi.

Jua lilikuwa linazama aliposhuka kwenye bodaboda Kabalagala. Phelister alikuwa amekaa nje ya mlango wake, anapaka rangi kucha kabla ya zamu. Akainua macho, akatabasamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wewe nawe una siri," akasema. "Kumbe una dada."

"Dada?"

"Si huyo pacha wako. Amekuja mchana. Nikamuuliza kama ana ufunguo, akasema mlango hauna neno. Na kweli ukafunguka." Akapuliza kucha. "Mpole. Ila miguu yake, matope mpaka hapa. Nimempa maji anawe."

Nakhisa alisikia muziki wa baa ukiwa mbali sana. "Alikwambia anaitwa nani?"

"Hakusema. Alisema tu umemwambia arudi." Phelister akamtazama kwa makini, kichwa upande. "Mnafanana mpaka mwendo. Isipokuwa wewe ndiye unachechemea. Umeumia?"

Nakhisa akatazama chini. Alikuwa akitoka damu kidole cha mguu wa kushoto. Alikuwa amejikwaa mahali fulani, na hakujua.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Ufunguo ulizunguka bila kushika. Ndani palikuwa na taa, na sauti ya mtu anayepanga vyombo, bila haraka, kama mwenye kwake. Akagonga. Vyombo vikanyamaza. Hakupata neno jingine la kusema mbele ya mlango wenye mtu ndani, kwa hiyo akasema lile ambalo husemwa.

"Hodi."

"Karibu," ikajibu sauti yake mwenyewe, na komeo likaondolewa.

Nakhisa akaiambia miguu yake irudi nyuma. Ikaenda mbele.